Mtaa wa Fahari na Mbeba Mzigo: Goma kama Mtihani kwa Uhakiki wa Riwaya ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa mandhari zilizoshughulikiwa mno na wahakiki wa riwaya ya Kiswahili, mji unashika nafasi ya mbele. Tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, mwanafunzi wa fasihi amezoezwa kuuona mji kama mahali ambapo mhusika hupotea. Ndani ya mji huo, sehemu inayobebeshwa lawama zaidi ni ile yenye taa, vioo, hoteli na maduka ya vitu vya anasa. Hapo ndipo kijana kutoka shamba husimama akashangaa, akatamani, kisha akaanguka.

Makala haya yanakusudia kuupima mtazamo huo kwa kuuweka mbele ya mtaa mmoja halisi, nao ni Bulevadi Kanyamuhanga katika mji wa Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja inayojengwa ni kwamba uhakiki umeutazama mtaa wa fahari kutoka mlango wa mbele tu, yaani kwa macho ya yule anayeingia na kushawishika. Mtaa wa namna hiyo haueleweki mpaka utazamwe pia kwa macho ya aliyeuletea mzigo. Suala hili si la nadharia peke yake. Kiswahili ni lugha ya mamilioni ya watu mashariki mwa Kongo, na msomaji wa Goma anayezifungua riwaya hizi ana haki ya kupata uhakiki unaoweza kuuona mji wake.

2.0 Mlango wa mbele

Mifano ya mtazamo wa kwanza inajulikana. Katika Rosa Mistika, binti aliyelelewa kwa ukali wa baba yake Zakaria huko Ukerewe anaondoka nyumbani kwenda kusoma, na uhuru asiouzoea unamponza. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini anarithi mali, anaitapanya katika starehe, baadaye anajenga utajiri mpya wa shamba, na mwishowe anaangamia katika mgongano na siasa ya wakati wake. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anatoroka nyumba ya baba yake Maksuudi alimokuwa amefungiwa, naye anaishia katika maisha ya danguro.

Itakuwa si haki kusema kwamba waandishi hawa waliuona mji kwa wepesi. Kezilahabi anaeleza wazi kwamba anguko la Rosa lilianzia kwenye fimbo ya Zakaria kabla halijafika popote pengine. Said Ahmed Mohamed anamshitaki Maksuudi, bwana mkubwa mwenye heshima za nje, kuliko anavyoishitaki mitaa iliyompokea binti yake. Aliyerahisisha mambo ni mhakiki wa darasani. Katika majibu ya mitihani na katika miongozo mingi ya riwaya, utata huo wote umefupishwa ukawa mchoro mmoja: kijiji ni usafi, mji ni uchafu, na duka la vitu vya thamani ndilo daraja kati ya viwili hivyo.

Mchoro huo una kasoro mbili kubwa. Kwanza, unazichukulia bidhaa kana kwamba hazina asili. Saa, viatu, manukato na redio vimo tu ndani ya kioo, vinangoja kumjaribu mtu; haviulizwi vilikotoka wala vilibebwa na nani. Pili, unakiweka kijiji nje ya uchumi wa anasa. Kijiji huwa mahali ambapo mtu hutoka na mahali anapotamani kurudi, lakini hakionekani kamwe kuwa mahali ambapo fahari yenyewe huchimbwa, huvunwa au hulipiwa.

3.0 Mlango wa nyuma

Mtazamo wa pili nao umo katika maandishi ya Kiswahili, ingawa haujapewa uzito wa kutosha. Shafi Adam Shafi ndiye mfano ulio karibu zaidi. Katika Kuli (1979), Rashidi, mwana wa kuli, anafuata nyayo za baba yake katika bandari ya Zanzibar, na riwaya inaelekea kwenye mgomo wa mwaka 1948. Humo msomaji anakutana na bidhaa kabla hazijafika dukani. Bado ni uzito juu ya bega na hatari chini ya winchi, na ujira wake hautoshi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), jumba la mwenye mali linaonekana pia kwa macho ya wale wanaolifagia, wanaopika ndani yake na wanaoamrishwa.

Mfano wa tatu unatoka Kongo kwenyewe, nao haumo katika silabasi nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Lubumbashi, kilitolewa kijitabu kinachoeleza historia ya mji huo. Mwandishi wake, André Yav, alikiandika kwa niaba ya watumishi wa nyumbani na waliowahi kuwa watumishi. Jina la kijitabu, Vocabulaire, ni la Kifaransa, lakini matini yake ni ya Kiswahili cha Katanga. Johannes Fabian alikichapisha upya pamoja na tafsiri na ufafanuzi mwaka 1990. Hapa mji wa Wazungu, pamoja na starehe zake zote, unasimuliwa na watu waliofua mashuka yake na kuandaa meza zake. Hawakusimama nje ya dirisha wakishangaa. Walikuwa ndani, nao walijua gharama ya kila kitu.

Maandishi haya matatu yanampa mhakiki swali lisiloulizwa mara nyingi. Mbali na kuuliza kitu cha anasa kinamfanya nini mhusika anayekitamani, yafaa kuuliza: nani alikifikisha pale kilipo, na alipata nini? Ni kwa swali hilo kwamba Goma inaweza kusomwa.

4.0 Mtaa uliojengwa juu ya lava

Ni vema kukiri mapema kwamba Bulevadi Kanyamuhanga si Bond Street ya London wala Ginza ya Tokyo. Ni barabara kuu ya mji, yenye benki, hoteli, maduka ya simu na vyombo vya umeme, samani, nguo na vyakula vilivyotoka ng'ambo. Hata hivyo, fahari hupimwa kwa kulinganisha na jirani. Upande wa Birere, karibu na mpaka wa Rwanda, biashara hufanywa chini ya mabati na mwavuli, na wanawake huvuka kwa miguu kwenda Gisenyi na kurudi wakiwa na mizigo kichwani. Mbele ya biashara hiyo, kioo kikubwa na sakafu ya vigae ni fahari isiyohitaji kuelezwa.

Mtaa huu una historia ya moto. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka. Lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaliteketeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na sehemu kubwa ya eneo la biashara, kisha ikaingia katika Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya wakazi walikimbia, wengi wao wakielekea Gisenyi. Tarehe 21 ya mwezi huo kituo kimoja cha mafuta kililipuka na kuua makumi ya watu. Pamoja na hayo, wengi walirudi baada ya siku chache tu, lava ikiwa bado ina joto. Mji ulijengwa upya juu ya lava ileile, mara nyingi kwa mawe yake meusi, na zilikuwapo nyumba ambazo orofa yake ya chini ilizikwa, dirisha la juu likawa mlango wa barabarani.

Kujenga fahari juu ya majivu si jambo la Goma peke yake. Ginza yenyewe ilizaliwa upya kwa matofali baada ya moto wa mwaka 1872, na ikaanguka tena katika tetemeko la mwaka 1923. Tofauti iko katika chanzo cha fedha. Kuelekea mwisho wa mwaka 2000, Goma ikiwa makao makuu ya kundi la RCD katika vita vilivyoanza mwaka 1998, bei ya madini ya tantali ilipanda ghafla katika soko la dunia, na ikashuka mwaka 2001. Madini hayo, yanayojulikana kwa jina la koltani, yalichimbwa kwa mikono katika milima ya Masisi na kwingineko, yakashushwa kwa migongo ya watu na kwa malori mpaka kwenye nyumba za ununuzi mjini. Baadaye yalifuata mashirika ya misaada na ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Karen Büscher na Koen Vlassenroot (2010) wameonyesha jinsi kuwapo kwa mashirika hayo kulivyoubadilisha mji, kuanzia kodi za nyumba hadi aina ya huduma zilizotafutwa.

Hapa ndipo mchoro wa kijiji safi na mji mchafu unapovunjika. Tantali hutumika katika vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu. Simu hurudi Goma ikiwa ndani ya kasha linalong'aa na huwekwa kwenye kioo cha duka. Kijana wa Masisi anayesimama mbele ya kioo hicho si mgeni wa anasa. Huenda yeye, au ndugu yake, ndiye aliyeanza safari ya kitu anachokitazama. Riwaya ya mlango wa mbele ingemwona kama mshamba anayeshawishika. Riwaya ya mlango wa nyuma ingemwona kama mdai.

Alama ya pili ya kusoma ni chukudu, kigari cha mbao chenye magurudumu mawili ambacho tangu miaka ya 1970 kimebeba viazi, kuni, mkaa, saruji na magunia ya kila aina katika sehemu hizi. Dereva wake hukisukuma mlimani na kukipanda mteremkoni, akiwa na mzigo wa mamia ya kilo. Wakati wa utawala wa Rais Joseph Kabila, sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu ilisimamishwa katika mzunguko mmoja wa barabara za mji, nayo imekuwa nembo ya Goma. Mhakiki hana budi kuuliza sanamu hiyo inasema nini. Kwa upande mmoja ni heshima ya nadra: miji mingi huwapa sanamu majenerali na marais, Goma imempa mbeba mzigo. Kwa upande mwingine, aliyepakwa dhahabu ni sanamu, si mchukuzi. Mchukuzi huifikisha saruji ya duka hadi mlangoni, akalipwa nauli yake, akageuza chukudu na kuondoka.

5.0 Lugha ya mtaa

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mgawanyo huo unasomeka kwenye ukuta. Vibao vya maduka ya fahari aghalabu ni vya Kifaransa, na Kiingereza nacho hakikosekani. Mazungumzo ya bei, hata hivyo, ni ya Kiswahili. Bei yenyewe, ikiwa ni ya kitu kikubwa, hutajwa kwa dola za Marekani. Ikiwa ni ya kitu kidogo, hutajwa kwa faranga za Kongo. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa. Mnunuzi basi husoma kwa lugha moja, hupatana kwa nyingine, na hulipa kwa fedha ya nchi ya tatu.

Kiswahili hicho cha kupatana bei kina jambo linalostahili kuangaliwa na wanaisimu na wahakiki pamoja. Katika Kiswahili sanifu biashara hutajwa kwa vitenzi viwili visivyohusiana kwa umbo: kununua na kuuza. Katika Kiswahili cha Kongo aghalabu hutumika mzizi mmoja: kuuza ni kutoa fedha na kupata kitu, na kuuzisha ni kutoa kitu na kupata fedha. Mgeni kutoka Dar es Salaam akimsikia mwenyeji akisema kwamba ameuza simu, hudhani kwamba hana simu tena, kumbe ndiyo kwanza ameipata. Mpangilio huu unalingana na ule wa Kinyarwanda, ambamo kugura ni kununua na kugurisha ni kuuza. Kwa mujibu wa umbo hilo, mtendaji wa kwanza sokoni ni mnunuzi. Mwenye duka ni msababishi tu, mtu anayemfanya mwingine anunue. Sarufi haithibitishi itikadi, na si busara kuibebesha zaidi ya inavyoweza. Lakini ni vigumu kupata maelezo mafupi zaidi ya kazi ya kioo cha duka kuliko kiambishi hicho cha usababishi.

Maneno ya fedha nayo yamehifadhi historia. Makuta, neno la kutaja fedha kwa jumla, limebaki tangu sarafu iliyoanzishwa mwaka 1967 pamoja na zaire. Sarafu imekufa, jina linaishi. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, iliingia Kongo mwaka 2012, na kwa njia hiyo neno la Kiswahili likapanda kwenye vibao. Katika Kilingala, lugha ya jeshi inayojulikana vema Goma, pesa ni amri yenye maana ya "toa". Mji uliozoea vizuizi vya barabarani hauwezi kukosa kuzisikia maana zote mbili.

Mambo haya yalipaswa kuwa malighafi ya uhakiki. Wanaisimu kama Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose (2016) wamekieleza Kiswahili cha Kivu kama mfumo wenye kanuni zake. Uhakiki wa fasihi umechelewa. Kiswahili cha Kongo kikitajwa katika madarasa ya fasihi, mara nyingi hutajwa kama upungufu wa usanifu, wala si kama lugha yenye namna yake ya kuutazama ulimwengu wa biashara. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, uchelewaji huo umekuwa mgumu zaidi kuutetea.

6.0 Pingamizi

Linaweza kutolewa pingamizi la haki. Je, mtazamo wa mbeba mzigo haugeuki nao kuwa mchoro mpya, ambamo kila duka ni wizi na kila kitu kizuri ni damu? Hatari hiyo ipo. Watu wa nje wameuzoea mno wimbo wa madini na maafa, hata Goma imekuwa kwao jina la msiba: wakimbizi na kipindupindu mwaka 1994, volkano mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, vita kila baada ya miaka michache. Katika hadithi hiyo mkazi wa Goma anaruhusiwa kulia, lakini haruhusiwi kutamani shati.

Uhakiki wa kweli haukubali pande hizo mbili ziwe ndizo pekee. Mfanyabiashara aliyefungua tena duka juu ya lava yenye joto hakuwa mnyonyaji kwa kitendo hicho, na mteja aliyeingia kununua viatu vya harusi hakuwa Rosa. Kutamani kitu kizuri ni sehemu ya utu, na kukinyimwa ni sehemu ya umaskini. Kuli wenyewe, ikisomwa kwa makini, haiwataki makuli wachukie mali. Inawataka wapate haki ya jasho lao. Kosa la mchoro wa zamani lilikuwa kuifanya tamaa kuwa dhambi ya maskini. Mtazamo wa mlango wa nyuma hauna sababu ya kulirudia. Kazi yake ni kuirudisha hesabu kamili mezani: nani alichimba, nani alibeba, nani aliuza, nani alinunua, na nani kati yao angeweza kuishi bila hofu mpaka kesho.

Kesho hiyo si neno la mapambo. Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la M23 liliiteka Goma, kama lilivyokuwa limefanya kwa siku chache mwezi Novemba 2012. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na fedha taslimu zikaadimika. Mtaa ambao fahari yake ilitegemea benki, ndege na dola ulionekana kwa ghafla jinsi ulivyosimama juu ya vitu visivyokuwa vyake. Biashara ya mkononi, ile ya Birere na ya chukudu, ndiyo iliyokuwa na mazoea marefu zaidi ya kuishi bila benki.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba riwaya ya Kiswahili ina njia mbili za kuutazama mtaa wa fahari, na kwamba uhakiki umeifundisha moja na kuisahau nyingine. Goma inaidhihirisha gharama ya usahaulifu huo, kwa sababu humo kijiji na duka ni ncha mbili za kamba moja. Inapendekezwa basi kwamba Kuli na Kasri ya Mwinyi Fuad zisomeshwe sambamba na Rosa Mistika na Utengano wakati wa kujadili dhamira ya mji, badala ya kutengwa katika mada ya matabaka peke yake. Inapendekezwa pia kwamba kijitabu cha André Yav kiingizwe katika kozi za historia ya nathari ya Kiswahili, na kwamba usemi wa masoko ya Kivu ukusanywe na wanafunzi wa Goma wenyewe, kabla haujaandikwa na wengine kwa ajili yao.

Riwaya kubwa ya Kiswahili kuhusu Bulevadi Kanyamuhanga bado inangojwa. Itakapoandikwa, huenda mhusika wake mkuu asiwe kijana anayetazama kioo cha duka. Huenda akawa ni yule aliyekileta kioo hicho juu ya chukudu, amekifunga kwa mipira na kukizungushia magunia, akiomba kisivunjike kabla hajalipwa.